Kabla Hujaketi Mezani: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Hapa Mkahawani, Malindi

Simu ya mkahawa iko jikoni, na mara nyingi anayeipokea mikono yake imejaa machicha ya nazi. Ndiyo maana tumeandika ukurasa huu. Maswali ni yale yale kila siku, na majibu hatuyafichi. Ukiwa na lingine, tupigie, ila usipige kati ya saa moja na saa tatu usiku. Saa hizo hata tukipokea hatukusikii.

Mnasema mnapika chakula cha Kiafrika. Afrika ipi?

Swali hili tulibishana nalo wenyewe kabla ya kuandika menyu. Afrika ni kubwa, na jiko letu lina majiko manne tu ya makaa na mawili ya gesi.

Nusu ya menyu ni ya Pwani hii hii: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi kwa mahamri, pweza, viazi vya karai, pilau ya Ijumaa. Sehemu nyingine ni ya Wagiriama, wenyeji wa hapa ambao chakula chao mgeni anaweza kumaliza wiki mbili hotelini bila kukiona. Tunapika sima, mboga ya mtsunga yenye uchungu wake, kunde, na samaki mkavu wa nazi. Mtsunga huwashtua wengine. Hatuupunguzi uchungu, maana mtsunga usio na uchungu ni mchicha.

Kilichobaki tumeazima kwa majirani wa mbali. Wali wa nyanya tunaupika kwa mtindo wa Senegal, na samaki ndani. Wasenegali wenyewe huuita ceebu jën, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2021. Wanaijeria na Waghana wana wali wao wa nyanya, jollof, na ugomvi wa nani anaipika vizuri zaidi haujaisha. Sisi tumekaa pembeni. Injera ni Jumamosi tu, kwa sababu unga wake wa tefu tunauagiza Nairobi na lazima uchachuliwe siku kadhaa kabla ya kumiminwa.

Huja mtu akatuambia wali wa nyanya "si chakula cha asili ya hapa". Huyo huwa tunamwuliza sima aliyokula mchana ilikuwa ya nini. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili asili yake ni bara la Amerika; vilifika huku baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi. Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi Aprili 1498, na nguzo ya Wareno bado imesimama kwenye mwamba baharini. Hata neno "meza" ni la Kireno, na "mvinyo" pia. Kabla ya hapo babu zetu walikula mtama, mawele na wimbi. Sima ya mtama tunayo Jumatano. Wanaoiagiza ni wachache, na hatujakata tamaa.

Kwa nini chakula kinachelewa?

Kwa sababu ukiagiza, ndipo tunapoanza. Samaki wa kupaka huchukua dakika arobaini na tano, na haya ndiyo yanayotokea wakati wewe unatazama saa.

Nazi hatuikuni asubuhi. Tui likikaa kwenye joto la Malindi huchacha kabla ya alasiri, na tui lililochacha halifichiki hata ukilitwika ndimu gunia zima. Basi oda ikiingia, mama mkuu wa jikoni hukalia mbuzi. Kwa wasiojua, hii mbuzi haina pembe: ni kigoda cha kukunia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mteja mmoja alisikia sauti jikoni ikisema "lete mbuzi", akabadilisha oda yake palepale akaomba mbuzi choma. Nazi mbili zikikunwa, zinatiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, linawekwa kando. La pili na la tatu ndiyo ya kupikia wali.

Wakati huo samaki yuko juu ya makaa, amekwishachanjwa na kupakwa thomu, tangawizi, ndimu na chumvi. Tui zito linainjikwa kwa moto mdogo pamoja na ukwaju, pilipili na bizari, na linakorogwa bila kuachwa. Ukigeuka tu kuongea na mtu, linakatika: mafuta huku, maji kule. Likishakuwa zito kama uji wa mtoto, linapakwa juu ya samaki, samaki anageuzwa, linapakwa tena, mara tatu au nne, mpaka ngozi inashika rangi ya dhahabu na pembeni panaungua kidogo. Pale panapoungua ndipo patamu.

Una haraka? Sema mapema. Supu ya pweza, bajia, viazi vya karai na mishkaki havichukui dakika kumi na tano.

Mna mnazi?

Mnazi wa kunywa, yaani pombe ya utomvu wa mnazi, hatuuuzi kaunta. Leseni yetu ni ya mkahawa na baa, na mnazi una utaratibu wake. Lakini sababu kubwa ni mnazi wenyewe.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Hukata kipande chembamba cha karara, ala ya maua ya mnazi, kwa kotama, kisu chake cha kugemea, na utomvu hudondoka ndani ya kibuyu kilichofungwa juu. Ukidondoka ni mtamu kama maji yenye sukari. Hamira ya hewani huanza kuufanyia kazi papo hapo: uliogemwa alfajiri, adhuhuri umeshika, na kesho yake unaelekea kuwa siki. Friji huchelewesha tu, haizuii.

Haya niliyajua kwa vitabu kabla sijayajua kwa macho. Siku moja rafiki wa nyumba aliniletea chupa nimtunzie mgeni wake, nami kwa uangalifu wote nikaikaza kifuniko. Saa tisa alasiri palisikika mlio stoo, mhudumu mmoja akalala chini akidhani ni risasi. Kuta tulizifuta siku mbili, na harufu ilikaa wiki. Chupa ya mnazi huachwa mdomo wazi, au huzibwa kwa jani tu.

Ukitaka mnazi wa kweli nenda mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, mchana, na mwenyeji. Huuzwa kwa kadzama, kipimo chake, hunywewa kwa mrija wenye kichujio chini, na watu huketi. Hakuna anayekunywa amesimama kama aliyekuja kulipa deni. Ukiona mzee anamwaga tone chini kabla ya kunywa, anawapa koma, waliotangulia. Usiulize kwa kelele na usipige picha. Ukirudi kwetu jioni, tutakupa sima na samaki mkavu. Utavihitaji.

Basi baa ina nini?

Bia za Kenya, mvinyo (mwingi wa Afrika Kusini), na dawa. Dawa ni kinywaji kilichozaliwa Kenya: vodka, ndimu iliyopondwa, sukari, barafu, na asali iliyozungushwa kwenye kijiti. Unakoroga mwenyewe kadiri unavyotaka utamu. Asali yetu inatoka kwa wafugaji nyuki wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Siku ikikosekana, dawa haipo menyuni, maana asali ya dukani ilitushinda.

Kwa wasiokunywa pombe, na ndio wengi wa wateja wetu wa mchana, kuna dafu, maji ya ukwaju, maji ya ndimu na tangawizi, juisi ya embe kwa msimu wake, na kahawa tungu. Sheria ya vileo ya 2010 haituruhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ukionekana mdogo tutaomba kitambulisho, hata ukiwa na ndevu.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kula kwenu?

Tukueleze yalivyo, kisha upime mwenyewe. Nyama na kuku wote wamechinjwa Kiislamu. Nguruwe haingii jikoni, ingawa kila Agosti hakukosi mgeni wa kumuulizia. Hakuna mchuzi wala kitamu chochote kinachotiwa mvinyo. Glasi za baa huoshwa baani, haziji jikoni.

Lakini ua ni mmoja, na pombe inauzwa hapa. Upande wa bustani, nyuma ya mwarobaini, hatupeleki pombe kabisa. Familia nyingi za mjini huketi huko. Wapo pia wanaotuambia kwa upole kwamba hawawezi kuketi nyumba yenye baa, wakaagiza chakula wakalie nyumbani. Hao tunawafungia vizuri na kuwashukuru. Hiyo pia ndiyo sababu hatukupanga nyumba kule Shela, mji wa kale, ingawa ni nzuri mno. Baa na msikiti haviketi jirani.

Na mwezi wa Ramadhani?

Mchana jiko halipiki. Tunafungua magharibi, na kwa saa moja ya kwanza kuna futari tu: tende, uji, kaimati, mhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi, sambusa. Muziki hatupigi mwezi mzima. Baa hufunguliwa baada ya tarawehe, kwa sauti ya chini. Mgeni asiyefunga anayetaka chakula cha mchana, tunamwelekeza kwenye hoteli za ufukweni, na hatuoni haya kumpeleka kwa wengine.

Samaki mnapata wapi, na mbona leo hakuna nguru?

Tunawapata kwa wavuvi wa hapa, wanaposhusha asubuhi. Kwa hiyo menyu ya samaki ni bahari inayoiandika.

Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na mashua zinakwenda mbali. Hapo utaona nguru, jodari na kolekole. Kusi ikianza kupiga kuanzia Aprili, mawimbi yanakuwa makubwa, na wenye vyombo vidogo wanabaki ndani ya miamba. Hapo utapata changu, tafi na pweza. Mtu akikuuzia nguru "wa leo asubuhi" mwezi wa Juni kila siku ya wiki, mwombe akuonyeshe macho yake. Ya samaki, si yake.

Kaa wanatoka kwenye mikoko ya Mida. Kamba wadogo wanapatikana zaidi upande wa mlango wa mto Sabaki na ghuba ya Ungwana. Kamba mawe, yule mkubwa wa bei, tunaagiza ukituambia siku moja mbele. Mwenye mayai tumboni hatumnunui, hata akiletwa kwa nusu bei.

Mna nyama ya porini?

Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kuuza nyama ya wanyamapori ni kosa. Kasa pia hapana, wala mayai yake. Twiga pekee wa Malindi mwenye umaarufu duniani alipelekwa China kama zawadi ya mfalme, akafika mwaka 1415, na alikwenda kutazamwa.

Bei zenu zikoje? Kuna kitu kinaongezwa mwishoni?

Bei iliyo kwenye menyu ina VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 ndani yake. Bili haioti ndevu baada ya kula. Samaki mzima, kaa na kamba mawe tunauza kwa uzito: anapimwa mbichi, mbele yako, na bei unaambiwa kabla hajaguswa na moto. Mhudumu akisahau kukuletea mizani, idai. Ni haki yako.

Malipo ni shilingi taslimu, kadi, au M-Pesa. Angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kutia namba ya siri. Hatutumi mtu mezani na namba yake binafsi. Bakshishi si lazima. Ukiacha, inaingia kopo moja na kugawanywa hadi kwa anayeosha sufuria, kwa sababu samaki wako hakupikwa na aliyekuletea.

Nile kwa mkono au kwa uma?

Upendavyo. Birika la kunawia linakuja kabla na baada ya chakula. Kwa sima na injera, uma utakuchosha tu. Kwa biriani, wenyeji wengi ni mkono wa kulia. Mzee akiwa mezani, msubiri aanze. Hilo hatulazimishi mgeni, lakini wazee wetu huliona.

Sili nyama wala samaki. Nitashiba?

Utashiba kuliko sisi. Mbaazi, maharagwe na kunde za nazi, mchicha, mtsunga, bamia, viazi vya karai, wali, chapati. Jikoni Pwani nazi ilikwishafanya kazi ya nyama tangu zamani.

Nina mzio wa vyakula fulani.

Tuambie kabla ya kuagiza, na umwambie mhudumu asimame akuitie mpishi. Nazi iko karibu kila mahali hapa, korosho ziko kwenye baadhi ya michuzi, na mafuta ya kukaangia bajia ndiyo yale yale ya kukaangia kamba. Kwa mwenye mzio mkali wa kamba, kaa na jamii yao, au njugu, hatuwezi kuahidi jiko safi kabisa, na hatutakudanganya ili tu uketi.

Mbona wahudumu wamenisalimia "ciao"? Mimi natoka Kakamega.

Tunaomba radhi. Malindi imekaa na Waitaliano miongo mingi: mitambo ya San Marco ya kurushia satelaiti ilijengwa upande wa Ngomeni miaka ya 1960, kisha wakaja wa hoteli, wa nyumba na wa pizza. Vijana wa hapa wamejifunza Kitaliano ufukweni kabla ya kukimaliza Kiingereza darasani, na mdomo unatangulia. Tumewaambia waanze na "karibu". Ukisikia "ciao" tena, mjibu "marahaba", atajirekebisha.

Na wewe ukimwita mhudumu, "kaka", "dada" au "ndugu" yatosha. Mama wa jikoni mwamkie. Usimpigie mtu mluzi.

Niweke nafasi mapema?

Siku za kawaida njoo tu. Desemba, Pasaka na Agosti, weka nafasi siku mbili mbele. Tafadhali andika mchana au usiku. Kikundi cha watu wanane kilituma ujumbe kutoka Nairobi: "Tutafika saa saba." Tukapika. Saa saba kasorobo wali umeiva, samaki wamepakwa, meza imetandikwa leso mpya, na sote tunatazama lango. Wakafika jua limetua, wamenawiri, wana njaa, wakishangaa kwa nini tumenuna. Saba yao ilikuwa ya kwenye simu. Kosa ni letu, hatukuuliza. Wali ule tuliula wenyewe, na siku hizi aliyepokea ujumbe hujibu kwa neno moja tu: "Mchana?"

Tunaweza kuja na watoto?

Ndiyo, upande wa bustani. Kuna kuku wa kuchoma asiye na pilipili na chapati. Upande wa baa hatuwaruhusu, na si ukali wetu, ni sheria.

Nivae nini?

Nguo. Waliotoka ufukweni tuna leso za kuazima mlangoni. Zirudisheni.

Stima ikipotea?

Hupotea. Jenereta inaendesha friji na taa za jikoni kwanza. Mezani tunaleta kandili. Makaa hayajui stima, kwa hiyo samaki wako anaendelea. Wapo wanaotupigia kuuliza ni siku gani huwa hakuna umeme, wanataka kuleta wachumba.

Kuna muziki?

Ijumaa na Jumamosi, muziki wa bango na taarab, wakati mwingine chakacha kikinoga. Siku nyingine ni redio ya jikoni, na mwenye mamlaka nayo ni mama mkuu. Maombi yapelekwe kwake.

Naweza kuja na keki au chupa yangu?

Keki ndiyo, bure, na kisu tunatoa. Chupa ya mvinyo tunatoza ada ya kuifungua, imeandikwa chini ya menyu. Chupa ya mnazi, umekwishasoma hapo juu: hapana.

Mnafunga chakula cha kuondoka nacho?

Ndiyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, basi tunafunga kwa karatasi na majani ya mgomba, au lete bakuli lako. Wa mtaani huleta sufuria, na tunawajua kwa vifuniko vyao.

Nitarudije usiku?

Tuko barabara ya Casuarina, na tuktuk hupita. Tuambie dakika kumi kabla tukuitie dereva tunayemfahamu, na mpatane bei kabla ya kupanda. Ukiwa umekunywa, funguo za gari tuachie. Gari litalala ndani ya lango bila malipo, na kesho ukija kulichukua supu ya pweza itakuwa tayari.

Mnafunga saa ngapi?

Oda ya mwisho ya jikoni ni saa nne kasorobo usiku. Ukifika saa nne makaa tumeyamwagia maji, lakini viazi vya karai vikibaki hatuvitupi. Jumatatu hatupo. Wavuvi wengi huuza kidogo siku hiyo, na sisi tunaosha mazulia.